Kupiga rangi gerezani: ngazi, chokaa na ukuta unaolala nao

Kitu kinachosumbua kuliko vyote ukipewa kazi ya rangi gerezani ni ngazi. Site za kawaida ngazi unaiegemeza popote, unaenda kunywa chai ukirudi unaikuta. Kule ngazi ina askari wake. Inaandikwa kwenye daftari getini, ikipanda ukutani afande kasimama pembeni, mkitoka kula inatoka na nyie, na jioni hailali ndani hata kama kesho mnaanzia palepale. Na ukifikiria ni sawa kabisa, ule ukuta wa nje umejengwa urefu ule kwa sababu moja tu na ngazi inaimaliza.

Kazi yenyewe nimeifanya gereza moja la ukanda wa Pwani hapa Tanzania, mimi fundi wa uraiani, wasaidizi wangu wafungwa ambao uongozi wenyewe ndo uliwachagua. Simu zinabaki getini kwahiyo picha za kabla na baada sina, itabidi muamini maneno.

Vifaa vyote vinahesabiwa, brashi, rola, visu vya puti (ile ya kuziba nyufa), na skrepa ndo zaidi maana ile ni chuma chenye makali. Asubuhi hesabu, mchana hesabu, jioni hesabu, kimoja kikikosekana hakuna anayetoka mpaka kionekane, na wewe wa uraiani umo humohumo. Mwanzoni ilikuwa inanichosha ila siku hizi hata kwenye nyumba za watu nahesabu hivohivo na sipotezi brashi tena.

Halafu kuna thina na tapentaini, vile vya kuyeyushia rangi ya mafuta. Vile vinawaka moto, na vinavutwa na watu kwa kunusa, kwahiyo havikai ndani. Unaingia na kiasi cha kazi ya saa ile kwenye kopo dogo, kinachobaki kinatoka na wewe. Ndo maana sehemu kubwa ya kazi ilikuwa rangi ya maji, na sio kwa sababu ya usalama tu. Selo ikishapigwa rangi asubuhi jioni watu wanalala humo, chini, wengi, dirisha dogo liko juu. Rangi ya maji ukianza mapema na upepo upo coat mbili zinakauka kabla watu hawajarudi. Rangi ya mafuta inataka usiku mzima na harufu yake inabaki siku kadhaa, sasa huwezi kumfungia binadamu na ile harufu mpaka asubuhi. Nondo na milango ya chuma lazima iwe mafuta, hapo hakuna ujanja, kwahiyo tulikubaliana na mkuu wa gereza kwamba tunafanya bweni moja moja, wale wa bweni hilo wanalala kwingine mpaka chuma kikauke na harufu ipungue. Walibanana kweli huko walikohamia lakini hakuna aliyelalamika kwangu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kinaniuma. Nilipoenda kuchukua bei dukani jamaa mmoja kusikia ni kazi ya gereza akaniambia "fundi ile si ni jela tu, wapige coat moja ya rangi ya bei chee uondoke, nani ataangalia?" Nani ataangalia! Mwenye nyumba anatoka alfajiri anarudi usiku, ukuta wake anauona wakati wa kula na kulala. Mfungwa anafungiwa jua bado lipo, anafunguliwa asubuhi ya pili, na yuko chini kwenye godoro ukuta uko pale pembeni ya uso wake. Hakuna mteja niliyewahi kumfanyia kazi anayeuangalia ukuta wangu muda mrefu kuliko huyo. Kila ufa anaujua, kila sehemu rangi ilipochuruzika anaijua, na kama inabanduka inambandukia yeye kwenye shuka. Zile Kanuni za Nelson Mandela ambazo Umoja wa Mataifa ulipitisha 2015 zimesema kabisa sehemu zote wanazotumia wafungwa zitunzwe vizuri na ziwe safi muda wote. Haijaandikwa kwa ukarimu, imeandikwa kwa sababu adhabu ya mahakama ni kunyimwa uhuru, hakimu hakusema na ukungu wa ukutani juu yake.

Na ukungu ulikuwepo. Jengo la zamani, mawe na chokaa, chumvi ya bahari, maji yanapanda kutoka chini ya msingi. Mtu aliyenitangulia alipaka rangi ya mafuta nzito mpaka kwenye kiuno cha ukuta ili iwe rahisi kufuta uchafu, wazo sio baya ila kwa ukuta wa namna ile ni kama kumfunga mtu nailoni mwili mzima, unyevu unakosa pa kutokea, rangi inatunga malengelenge halafu inadondoka na plasta yake. Hapo dawa sio kupaka tena juu. Tulikwangua yote mpaka ikafika kwenye plasta, ule unga mweupe wa chumvi tukauondoa kwa brashi kavu (usioshe na maji jamani, ukiosha chumvi inayeyuka inarudi ndani), tukaacha ukuta upumue, halafu tukaweka chokaa.

Chokaa watu wanaidharau, wanaona ni ya mabanda ya kuku na miti ya barabarani. Lakini chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji kwenye pipa, ikakaa, ikachujwa na kitambaa, ukaipaka nyembamba nyembamba coat tatu nne, inaruhusu ukuta wa mawe utoe unyevu na ukali wake ukungu hauupendi. Majengo ya pwani yote ya zamani yamelindwa na chokaa miaka na miaka. Kabla ya hapo nyufa zote tukaziba moja moja, na hii kazi wafungwa waliifanya kwa bidii kuliko nyingine yoyote sikuhitaji kumsimamia mtu, maana nyufa ndo nyumba ya kunguni. Mzee mmoja alikuwa anapitisha kidole kila alipoziba, akihisi kashimo kadogo tu anaita "fundi, lete puti hapa bado."

Jambo lingine la kukwangua. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na risasi, ile madini ya lead, na sasa hivi kiwango kinachokubalika kwenye nchi nyingi ni sehemu 90 kwa milioni tu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini ambacho ni salama, na watoto ndo wanaoumia zaidi kwenye ubongo. Sasa upande wa wanawake kuna kina mama wana watoto wachanga humo ndani. Kwahiyo nilikataa kupiga msasa mkavu, tulilowanisha ile rangi ya zamani kwanza, barakoa kwa kila mtu, maganda yote yakakusanywa kwenye mifuko, sakafu ikapigwa deki kabla ya mtu kurudi kulala. Ilichelewesha kazi na nililumbana kidogo na msimamizi kuhusu muda, ila nilishinda.

Rangi gani sasa? Kuna ile stori ya pinki ambayo watu wanaipenda, kwamba 1979 kwenye gereza la jeshi la wanamaji Seattle, Marekani, walipaka selo ya kupokelea watu pinki wakasema wakorofi wanatulia ndani ya dakika chache, ikasambaa dunia nzima. Afande mmoja alishaisikia akaniuliza kama tujaribu. Lakini watafiti waliorudia jaribio Uswisi kwa utaratibu mzuri, wakachapisha 2015, hawakuona tofauti yoyote kati ya selo ya pinki na nyeupe. Mimi naamini mwanga kuliko pinki. Dirisha likiwa dogo dari ndo inayogawa mwanga, ukiipaka nyeupe kabisa isiyong'aa mtu aliye kona ya mbali anaweza kusoma Biblia au Kurani yake mchana bila taa. Wazo la kwanza la uongozi lilikuwa kijivu mpaka juu kwa sababu haionyeshi uchafu. Tulikubaliana kijivu iishie usawa wa bega kwenye korido tu, ambako ukuta ni mkavu na migongo na mikono inagusa, kwenye mabweni krimu, dari nyeupe. Mkuu alipoingia bweni la kwanza lililokamilika alisimama katikati akaangalia juu muda, akasema endelea hivohivo.

Maandishi ya ukutani yalinipa kazi ya peke yake. Ya mkaa na sabuni yanatoka. Ya biki hayatoki. Unapaka rangi ya maji, wino unapanda, unapaka ya pili, jina la mtu linakutazama palepale. Inabidi uzibe kila andishi na praima ya mafuta kidogo ndo upake. Niliwauliza vijana kabla ya kuanza kama kuna wasilotaka lifutwe, wengi wakasema futa yote, mmoja akaomba dakika chache akanakili kwenye karatasi tarehe zake. Sikumuuliza ni za nini.

Kesi zao pia sikuuliza. Mle ndani ananiita fundi namuita dogo au mzee kulingana na umri, basi. Kuna kijana alikuwa hajawahi kushika brashi, kazi ilipoisha alikuwa anachana kwa brashi mstari wa rangi pale ukuta unapokutana na dari, kwa mkono bila kubandika tepu ya karatasi, mstari umenyooka, nina mafundi wa miaka mingi hawawezi. Nikamwambia akitoka aende VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuna utaratibu wa kupimwa ujuzi mtu alioupata kazini bila kukaa darasani na anapewa cheti. Akaniuliza wataniuliza nilijifunzia wapi? Nikamwambia jibu ukweli, wanapima mkono.

Ametoka, tuko naye. Wateja wangu siwaambii historia yake kwa sababu kifungo alichopewa kakimaliza, na wao wananilipa kwa ajili ya ukuta.

Mafundi mnaoomba hizi tenda, kwenye hesabu yenu msiandike rangi peke yake. Lita moja kwenye ukuta laini inakwenda mita za mraba 10 hadi 12 kwa coat, ukuta wa gereza wa zamani unakunywa zaidi ya hapo, andika mapema. Andika puti, msasa, barakoa, praima ya kuziba wino, na muda wa kuhesabiwa getini asubuhi mchana na jioni, maana huo nao ni saa za kazi. Wakikwambia punguza bei, punguza faida yako, coat ya pili usiiguse.