Dakika 40 za padoki: kuchaji pikipiki ya umeme kwenye kozi ya uwanja wa mbio

Kozi nyingi za kuendesha pikipiki kwenye viwanja vya mbio Marekani hugawa wanafunzi makundi matatu. Kila kundi huingia uwanjani dakika 20 kwa kila saa, kisha hukaa nje, kwenye padoki (eneo la kuegeshea pikipiki na vifaa), dakika 40. Mwenye pikipiki ya petroli huzitumia dakika hizo kunywa maji na kumsikiliza mwalimu. Mwenye pikipiki ya umeme naye atakunywa maji, lakini dakika hizo ndizo zitakazoamua kama ataendesha vipindi sita au vinne.

Nachukua mfano wa Zero SR/F ya 2020, kwa sababu ni pikipiki ya kawaida ya barabarani ambayo wengi huipeleka uwanjani. Betri yake imeandikwa 14.4, lakini kwa hesabu za matumizi shika 12.6. Hizo ni kilowati-saa, yaani zile uniti unazonunua kwa LUKU au kwa tokeni. Chaja iko ndani ya pikipiki yenyewe: toleo la chini lina chaja ya kilowati 3, la juu (Premium) lina ya kilowati 6. Betri imejengwa ndani ya fremu, kwa hiyo sahau ule utaratibu wa bodaboda za umeme za Kigali na Nairobi, za kufika kituoni, kuchomoa betri iliyoisha na kuchomeka iliyojaa. Hapa betri haitoki, umeme ndio unaofuata pikipiki.

Uwanja uwe Laguna Seca, California: kilomita 3.6 kwa mzunguko, kona 11, na siku nyingi kikomo cha kelele kinachowafukuza wenye ekzosi za makelele, jambo linalowavutia wengi kwenda na pikipiki ya umeme. Mwanafunzi wa kasi ya kati hupiga kama mizunguko 8 kwa kipindi, yaani kilomita 29. Kwa kupanga, weka uniti 0.15 kwa kilomita. Kipindi kimoja kinakula uniti 4.3, au asilimia 34 ya betri. Anayekwenda kasi zaidi atakula zaidi, na tofauti ni kubwa, kwa hiyo baada ya kipindi cha kwanza tupa namba yangu utumie yako: asilimia ulizoingia nazo, toa ulizotoka nazo, gawa kwa mizunguko. Andika kwenye kipande cha plasta, bandika kwenye tangi.

Sasa dakika 40. Kurudi, kuvua glovu na kuchomeka: dakika 5. Kuchomoa, kuvaa na kupanga foleni kabla ya bendera: 5 nyingine. Zinabaki 30 za kuchaji kweli. Chaja ya kilowati 6 huingiza kwenye betri kama 5.5, nyingine hupotea kuwa joto, kwa hiyo nusu saa inarudisha uniti 2.75. Umetoa 4.3, umerudisha 2.75. Kila kipindi unazama kidogo, na chakula cha mchana ndicho kinakuokoa. Ukianza asubuhi na uniti 12, utarudi na 7.7, utachaji hadi karibu 10.4, utarudi na 6.1, utachaji hadi 8.9, utarudi na 4.6. Ukichomeka wakati wote wa chakula betri inajaa tena, na mchana unarudia hesabu ileile. Vipindi sita, na hujawahi kushuka chini ya theluthi moja.

Pikipiki hiyohiyo kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, ya voliti 120, inapata ampea 12, ambazo ni kilowati 1.44, na zinazofika kwenye betri ni kama 1.3. Nusu saa inarudisha uniti 0.65 tu. Utaendesha vipindi viwili, utaruka cha tatu, utaendesha cha nne, utaruka cha tano, na cha sita utakimaliza betri ikiwa karibu tupu. Mwenye chaja ya kilowati 3 yuko katikati: atapata vitano kati ya sita, cha tatu na cha sita vikiishia pabaya. Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza iende kwenye chaja na waya, kabla ya matairi ya bei na mapambo.

Mtu akipiga simu uwanjani kuuliza kama kuna umeme, ataambiwa upo. Jibu hilo halina faida. Uliza soketi ya aina gani, iko wapi, na breka yake (swichi inayojikata umeme ukizidi) ni ya ampea ngapi. Unayoitaka ni NEMA 14-50, ile ya mashimo manne inayowekwa kwa ajili ya magari ya kulala ya kambini: voliti 240, breka ya ampea 50. Kwa mzigo wa saa nyingi huruhusiwi kuzidi asilimia 80 ya breka, kwa hiyo una ampea 40, na chaja ya kilowati 6 inahitaji 25 hadi 27 tu. Boksi la kuchajia la safari, lile lenye plagi ya J1772 upande wa pikipiki, liwe la ampea 32. Mengi ya bei rahisi ni ya ampea 16, na hayo hayatakupa zaidi ya kilowati 3.8 hata ukiyachomeka kwenye soketi nzuri kuliko zote, kwa sababu boksi ndilo linaloiambia pikipiki ivute kiasi gani. Baadhi ya viwanja vina umeme wa fezi tatu, na hapo utakuta voliti 208 badala ya 240. Chaji inafanya kazi, ila polepole kidogo.

Soketi inayowaponza wengi ni TT-30. Ni kubwa, ni ya magari ya kambini pia, na iko pembeni ya 14-50 kwenye nguzo ileile, lakini ni ya voliti 120. Adapta inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kambini, ya kutoka TT-30 kwenda 14-50, imeunganisha nyaya zote mbili za moto pamoja. Boksi lako linatafuta umeme kati ya nyaya hizo mbili, na kati yao ni sifuri, kwa hiyo halitawasha hata taa. Kuna adapta iliyotengenezwa kwa magari ya umeme, inayopeleka moto upande mmoja na nyutro upande wa pili. Hiyo inafanya kazi kama boksi lako linakubali voliti 120, lakini isikaribie kabisa gari la kambini, itaunguza vifaa vyake. Tena boksi halijui kwamba nyuma ya adapta kuna breka ya ampea 30. Punguza mwenyewe hadi 24 au chini, vinginevyo breka itajikata uko darasani.

Kujikata huko ndiko kunakoharibu siku nyingi kuliko jambo lolote lingine. Jirani anafika, anaona shimo la pili la soketi yako liko wazi, anachomeka vipasha-moto vya matairi. Breka ya ampea 15 haibebi vyote viwili. Unarudi baada ya nusu saa na pikipiki iko palepale ulipoiacha. Ongea na majirani asubuhi, bandika karatasi kwenye soketi, na baada ya kuchomeka subiri dakika mbili uone asilimia au kilowati zinasoma nini kwenye dashibodi. Chanzo kingine ni soketi zenye kinga ya kuvuja umeme, zile zenye vitufe vya kujaribu na kurudisha. Boksi la kuchajia nalo hupima waya wa ardhi (earth) linapoanza, na wakati mwingine kipimo hicho kinatosha kuikata soketi. Jaribu soketi nyingine kabla ya kulaumu pikipiki.

Waya wa kuongezea: huko Marekani nunua wa geji 12 kwa soketi ya kawaida, ambao ni kama milimita za mraba 3.3. Kwa mita 30 na ampea 12, waya huo unapoteza chini ya voliti 4, na joto la wati 45 limetawanyika urefu wote. Waya mwembamba wa geji 16 wa urefu huohuo unapoteza voliti zaidi ya 9 na kutoa wati 114. Ukiuacha umeviringishwa kwenye gurudumu lake, joto hilo linakosa pa kwenda na plastiki inalainika. Kunjua wote, kila mara. Shika plagi kwa mkono baada ya dakika kumi: vuguvugu sawa, ya kuchoma hapana, maana yake mguso umelegea.

Jenereta inawezekana pale ambapo hakuna soketi, ila Honda EU2200i, inayopendwa padoki, inatoa wati 1,800 mfululizo. Hiyo ni ya kasi ya ukutani tu, na kwa kuwa nyutro yake haijaunganishwa na ardhi, maboksi mengi yatakataa kuchaji hadi uchomeke plagi ndogo inayoziunganisha. Ulaya hali ni nyepesi zaidi: soketi ya bluu ya ampea 16 kwenye voliti 230 inatoa karibu kilowati 3.7, na ile ya bluu ya 32 inatosha chaja ya 6 bila wasiwasi.

Kuna jambo moja la uendeshaji lenyewe ambalo walimu wasiozoea umeme hawalitaji. Betri ikiwa asilimia 100 haina nafasi ya kupokea umeme unaorudi unapoachia mkono wa gesi, kwa hiyo pikipiki haijivuti nyuma kama kawaida. Baada ya mizunguko kadhaa nafasi inapatikana, na uvutaji unarudi. Mwanafunzi aliyepima alama zake za breki kipindi cha kwanza anakuta zimehama. Anza na asilimia 95, au weka urudishaji umeme uwe mdogo kwenye mfumo wa Custom (unaojipangia mwenyewe) kupitia programu ya simu, ubaki sawa siku nzima. Kwenye kozi napendelea la pili, maana mwanafunzi anahitaji pikipiki inayotabirika kuliko anavyohitaji uniti chache za ziada. Asilimia za mwisho pia zinaingia taratibu kwa tabia ya lithiamu, hazistahili dakika zako.

Upande wa chini, usiingie uwanjani kama huna asilimia za kipindi kizima na 15 juu yake. Betri ikikaribia kwisha voliti inashuka na pikipiki inapunguza nguvu yenyewe, tena hasa kwenye sehemu iliyonyooka, aliye nyuma yako akiwa amefungulia gesi yote.

Joto nalo linajilimbikiza. SR/F haina maji ya kupooza, mota na betri hutegemea hewa. Tukisema asilimia 4 ya uniti 4.3 inageuka joto ndani ya betri yenye uzito wa kama kilo 100, nyuzi joto zinapanda kama 6 kwa kipindi, na dakika 40 hazitoshi kuzishusha, hasa ukiwa unachaji. Mchana wa kiangazi kipindi cha tano ndicho kinacholipa deni, mota ikiwa ya kwanza kulalamika kwa kupunguza nguvu. Kivuli ni lazima. Feni ya kawaida ielekezwe chini, kwenye mota na mapezi ya chaja. Kupunguza toko (nguvu ya mota ya kuzungusha gurudumu) hadi asilimia 80 kwenye Custom kunasaidia kuliko feni tatu, na mwanafunzi wa kona hapotezi chochote. Ducati V21L iliyokimbia MotoE, mashindano ya kimataifa ya pikipiki za umeme, kuanzia 2023 hadi 2025 ilikuwa na saketi mbili za maji na betri ya uniti 18, na iliweza kuchajiwa mara tu inapotoka uwanjani. Pikipiki ya barabarani haina anasa hiyo.

Ichaji mita chache mbali na mahema ya wengine, na mjulishe mwenye uwanja mapema kwamba unaleta betri ya lithiamu. Machi 2019 pikipiki zote za MotoE ziliungua kwenye padoki ya uwanja wa Jerez, Hispania, usiku mmoja, na msimu ukaahirishwa. Usiache inachaji usiku chini ya turubai ukiwa umelala pembeni yake.

Baada ya kipindi cha mwisho iache kivulini saa nzima kabla ya kuchomeka. Kama inarudi kwenye trela na haitaendeshwa kwa wiki kadhaa, ijaze hadi karibu asilimia 60 uishie hapo.