Glasi moja, dirisha moja: siku 30 za kupiga picha kwa simu

Siku ya 1. Sharti nililojiwekea: mwezi mzima napiga kitu kimoja tu, glasi ya maji iliyo kando ya dirisha. Nataka nijue kama picha zangu zinapooza kwa sababu ya vitu ninavyopiga au kwa sababu ya jicho langu.

Picha ya leo haikunipendeza. Glasi inaonekana vizuri, lakini dirisha nyuma yake limekuwa doa jeupe. Nilipoifungua kwenye Snapseed, programu ya kuhariri picha, na kupunguza mwangaza, doa likageuka kijivu, basi. Palipoungua hapakuwa na kitu cha kurudisha.

Siku ya 4. Leo nimefurahi sana. Niligusa sehemu yenye mwanga mkali kwenye skrini, nikashikilia kidole mpaka fokasi na mwanga vikajifunga, kisha nikaburuta kidole kwenda chini. Skrini ikaingia giza hata nikasita kubonyeza. Lakini nilipopandisha vivuli wakati wa kuhariri, glasi ilijitokeza na pazia likabaki na mikunjo yake yote. Tangu leo nalinda panapong'aa kwanza.

Siku ya 9. Nimeanza kupiga kwa RAW, yaani faili ghafi la picha ambalo simu haijalipamba. JPEG, faili la kawaida la picha, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na simu huwa imeshakata shauri kuhusu rangi na ukali kabla sijaiona picha. Faili la RAW ni zito na mwanzoni linaonekana limefifia, ila ukilivuta halikatiki ovyo. Kasoro yake ni chenga kwenye vivuli, maana sensa ya simu, kile kipande kinachonasa mwanga, ni ndogo. Nikiona chenga zimezidi, naviacha vivuli viwe vyeusi. Vinapendeza hivyo.

Siku ya 10 hadi 15. Mawingu. Nilipiga kila siku, hakuna cha kusimulia.

Siku ya 17. Maji yalikaa kwenye glasi usiku kucha, na asubuhi nikakuta viputo vidogo vimeng'ang'ania ubavuni, kila kimoja kimebeba nukta ya mwanga. Nilipoinama zaidi nikaona jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani maisha yangu yote: ndani ya glasi dirisha limegeuka, upande uliofunguliwa uko kulia badala ya kushoto. Glasi ya mviringo yenye maji ni lenzi. Nikachora mshale kwenye karatasi, nikauweka nyuma. Ukiwa umekaribia glasi unaelekea kushoto. Nikiurudisha nyuma kidogo kidogo unatanuka, unavurugika, kisha unaelekea kulia. Nilipiga picha 60 na zaidi. Nyingi hazikukaa kwenye fokasi kwa sababu nilisogea mno. Dawa ilikuwa kurudi nyuma hatua moja na kukata picha baadaye. Kukuza kwa vidole kupita uwezo wa lenzi nako ni kukata tu, na huko huwezi kubadili mawazo.

Siku ya 23. Nimegundua kwa nini picha ninazohariri usiku asubuhi zinaonekana zimepauka na kupata ubluu. Gizani skrini hujipunguzia mwanga na kuongeza umanjano ili macho yapumzike, nami nikawa nasahihisha skrini badala ya picha. Sasa nazima vyote viwili kabla ya kuanza. Pia nimeacha kusukuma kila kitelezi. Naweka nukta juu ya viputo peke yake, napandisha mwangaza hapo, kwingine sigusi.

Siku ya 30. Nimeweka picha ya kwanza na ya leo pamoja. Ya leo ina giza karibu nusu nzima, na mshale uliogeuka ndio kitu cha kwanza unachokiona. Nimeipenda kweli.

Usiku huu nimefunga pazia na kuwasha tochi, sentimita 30 kutoka kwenye glasi. Nikaisogeza hadi 60, na mwanga ukashuka kufikia karibu robo ya ule wa mwanzo. Kesho najaribu 45, tochi ikiwa nyuma.