Kuilinda Shaba, Kuwakaribisha Chaza

Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy alitafuta njia ya kuzuia mabamba ya shaba yaliyofunika sehemu ya chini ya meli za Jeshi la Wanamaji la Uingereza yasilike upesi. Aligusanisha shaba hiyo na vipande vya chuma au zinki, metali ambazo huanza kulika zenyewe ndani ya maji ya chumvi, na shaba ikasalimika. Hata hivyo, meli zilizokingwa hivyo, Samarang ikiwa mojawapo, zilirudi zimeota mwani na viumbe wa magamba, kwa kuwa shaba isiyoyeyuka haitoi ile sumu kidogo inayowafukuza.

Kwa maoni yangu, tukio hilo lingefundishwa kwa kila anayetunza meli, kwa sababu bado tunapanga bajeti na ukaguzi kana kwamba kutu na viumbe wanaojishikiza ni mambo mawili yasiyohusiana. Viumbe hao huharibu rangi ya kinga, na chini ya magamba yao, mahali oksijeni inapopungua, hustawi bakteria wanaotumia salfeti na kuharakisha ulikaji wa chuma.

Rangi za kuwafukuza viumbe hao zenye sumu ya bati, iitwayo TBT, zilifanya kazi vizuri mno, hadi zikaharibu maumbile ya chaza na konokono wa baharini. Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki, ingawa umetuachia kazi kubwa zaidi.

Kazi hiyo ni nzito hasa mahali pasipoonekana, yaani kwenye masanduku ya kuingizia maji ya bahari na mabomba yanayoyapeleka kupooza injini. Humo mna giza, na maji yanayopita daima huleta chakula, hivyo mabuu madogo hupenya vichujio, hujishikiza na kukua mpaka maji yapungue na injini ipate joto kupita kiasi. Baadhi ya meli hutumia anodi za shaba, yaani vipande vya metali vinavyoyeyushwa taratibu kwa umeme, na nyingine hutengeneza klorini kutokana na maji yenyewe ya bahari, ambayo ikizidi hushambulia metali. Mabomba ya mchanganyiko wa shaba na nikeli hujikinga vizuri, lakini yakiunganishwa na chuma bila kihami, yaani kitu cha kuzuia umeme usipite kati yake, chuma hulika na bomba hupoteza uwezo wake wa kuwazuia viumbe: ni jambo lile lile la Davy.

Kwa hiyo meli inapopandishwa chelezoni, anodi za zinki, vile vipande vinavyolika badala ya chuma, zisipakwe rangi kamwe, na ile iliyokaa miaka majini bila kupungua isisifiwe kuwa imara, bali ichunguzwe kama kweli imegusana na chuma ilichowekewa kukilinda.