Kabla ya wazee, soko

Wiki iliyopita kijana wa shirika moja alitujia Garsen, kaunti ya Tana River nchini Kenya, na fomu. Kulikuwa na safu inayouliza: mapigano mangapi mmeyazuia tangu Januari? Mwenyekiti wetu, mzee asiyependa karatasi, aliisukuma mbele yangu. "Andika wewe, mama. Wewe ndiye uliyesoma." Nikaandika sifuri. Ugomvi ambao haukutokea nitauhesabuje?

Mimi ni Mpokomo, mkulima wa maembe na mpunga kidogo, na nimo kwenye kamati ya amani tangu 2013. Sikuingia kwa wema wa moyo. Agosti 2012 pale kijijini Riketa waliuawa zaidi ya watu 50 asubuhi moja, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma, majirani zetu wafugaji, na washambuliaji walitoka upande wetu. Septemba kukawaka Kilelengwani. Desemba Kipao. Magazeti yaliandika malisho na maji, wengine wakasema uchaguzi wa 2013, na wote walikuwa na lao la kweli. Ila kwangu mimi vita vilianza siku muuza maziwa wangu, Mworma, alipoacha kupita mlangoni.

Ndiyo maana niliposimuliwa habari za Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, nilizielewa upesi. Mwaka 1993 koo za Kisomali kule, Wadegodia, Waajuran na Waogaden, zilikuwa zinauana. Dekha Ibrahim Abdi, mama kijana, alijificha na mtoto wake chini ya kitanda risasi zikipita nje. Kulipokucha mama yake akamwambia kwamba miaka ya sitini, wakati wa vita vya Shifta, uasi wa Wasomali wa kaskazini dhidi ya serikali ya Kenya, naye alimficha Dekha vivyo hivyo. Basi Dekha na wenzake wakaanza. Na hawakuanza na bunduki wala na serikali. Walianza na soko, kwa sababu wanawake wa ukoo mmoja walikuwa hawawauzii wa ukoo mwingine. Wakaunda kamati ya kulinda soko, ili kila mama auze na anunue bila kuulizwa babu yake nani.

Baada ya hapo ndipo walipowaendea wazee. Hapo pana werevu ninaoupenda kuliko yote: waliotangulizwa kuwaita wenzao ni wazee wa koo ndogo, ambazo hakuna aliyeziogopa. Mwaka huohuo wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah, makubaliano yao ya amani. Vijana wakaingizwa, na 1995 kazi yote ikaunganishwa na kamati ya maendeleo ya wilaya, maofisa wa serikali wakiwa ndani. Dekha alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya gari, mwaka mmoja kabla ya Riketa. Mara nyingi nimejiuliza angetuanzia wapi.

Mwenyekiti wetu ni Mwaata. Waata ni wachache hapa, hawana ng'ombe wa kutajwa wala mashamba makubwa, kwa hiyo akisema jambo, Mpokomo na Mworma wote wanamsikiliza bila kutafuta anamtetea nani. Tuliiba Wajir, sioni haya kusema.

Kilichotuharibu baadaye ni posho. Baada ya vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008 kamati za namna hii zilienezwa nchi nzima, semina zikafuata, na kuna wazee ambao sasa hawasuluhishi hata kuku bila kusaini karatasi ya nauli. Sisemi watu wasilipwe. Mafuta ya pikipiki hayatoki mbinguni. Lakini ugomvi hausubiri bajeti ipite.

Juzi jioni, kwa mfano. Ng'ombe walikuwa wakienda mtoni kunywa, wakaacha malka, ile njia yao ya kufikia maji, wakaingia mahindi ya jirani yangu. Vijana wakaanza kutafutana na mapanga. Sikumpigia chifu. Nilimpigia muuza maziwa, yuleyule, ambaye sasa ni mwanakamati mwenzangu. "Dada, ng'ombe wa kwenu wako shambani kwetu." Akaja na shemeji yake, mwenye ng'ombe. Tulikaa chini ya mwembe hadi saa tatu usiku, mzee wa Kiwaata akisinzia na kuzinduka, tukakubaliana madebe mawili ya mahindi, yalipwe mvua zikinyesha.

Kijana wa fomu alikuwa amesharudi Malindi.