Kuvizia nshazoea, sasa najifunza kunyatia

Nilipompigia mama Karatu kumwambia kibali changu cha kuwinda kimetoka nilijichimbia shimo mwenyewe. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, joto la huko mnalionaje, basi nikamwambia mwezi wa tisa naenda kuwinda na upinde jimbo la jirani. Kuwinda nini? Hapo nikaanza kutafuta jina kichwani, maana Wamarekani wanamwita mule deer, yaani kulungu mwenye masikio ya nyumbu, nikajikuta nimesema "ni kama nyumbu hivi mama". Kimya. Halafu: "Sasa nyumbu wamefikaje huko?" Kumbe mwenzangu anawaza nyumbu wa Serengeti wale wenye ndevu, mi nawaza nyumbu mtoto wa punda, jina moja wanyama wawili na wa kwangu wala si mmoja wao. Na hata hilo neno kulungu ukitaka ubishi lina mwenyewe, kulungu halisi ni yule wa vichakani kwetu mwenye madoa meupe. Kwa hiyo humu nitamwita Masikio tu, tusonge.

Nakaa Minnesota mwaka wa tisa sasa, nafanya zamu za usiku nyumba ya kutunzia wazee, na kuwinda nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa boila pale kazini ambaye alichoka kuniona nasinzia kwenye mapumziko akasema njoo nikuonyeshe kitu. Miaka minne nimewinda naye, na miaka yote minne nimewinda nimekaa. Unafunga kiti juu ya mti kabla hakujapambazuka, unatulia mpaka makalio yanakufa ganzi, kulungu mkia mweupe anapita chini yako yadi 15, unavuta, basi. Hiyo kwa Kiswahili ni kuvizia. Kule ninakokwenda mti wa kupanda hakuna, ni nyasi na makorongo na upepo, mnyama unamwona yuko maili nzima na yeye akikuona kwanza imekwisha, lazima umfuate alipo. Hiyo ni kunyatia. Maneno mawili tofauti na nimekuja kugundua ni kazi mbili tofauti kabisa, na mi ninayo moja. Ndo maana mipango yote hii, tarehe, viatu, mazoezi, hata shoti ninazokataa mapema, inarudi kwenye swali moja tu: nitafikaje yadi 35 bila kuonekana.

Kibali chenyewe kwanza. Dakota Kaskazini ukiwa mtu wa nje ya jimbo, kibali cha upinde cha kulungu mkia mweupe peke yake ni rahisi, unalipa unapata. Ukitaka kile kinachokuruhusu Masikio ni bahati nasibu, maombi yanafungwa mapema Machi, na vibali ni vichache sababu wenyeji wanapewa kwanza (na mi naona ni haki yao, hata sisi hatupendi wageni watumalizie). Mwaka juzi nilijua deadline ni mwisho wa Machi, nikafungua ukurasa nimekaa na chai yangu, pamefungwa wiki tatu zilizopita. Mwaka jana nikaomba nikakosa. Mwaka huu nimepata, na nilivyopiga kelele bibi mmoja wa chumba cha pili akabonyeza kengele. Bei ni mamia ya dola, mwenyeji analipa kidogo sana ukilinganisha, lakini uhamiaji umenizoesha kulipa fomu hata sishtuki. Cheti cha mafunzo ya uwindaji nilichukua Minnesota na kule wanakikubali.

Sasa ardhi. Little Missouri National Grassland iko magharibi kabisa ya jimbo, zaidi ya ekari milioni 1 za serikali, mtu yeyote anaruhusiwa kutembea. Historia yake imenigusa: walikuja walowezi wakalima pale ambapo mvua haitoshi, ikaja ile miaka ya 1930 ya ukame na vumbi, watu wakashindwa, serikali ikanunua mashamba yaliyotelekezwa ikaacha nyasi zirudi. Mtu aliyekulia Karatu akaona mahindi yanakauka kiunoni anaelewa habari hiyo bila kuelezwa. Shida ni kwamba haikununua yote, kwa hiyo ramani ni kama kitenge cha viraka, hapa pa serikali hapa pa mfugaji hapa pa jimbo, na tangu 2021 mwenye shamba anaruhusiwa kupiga marufuku kuingia kwake kwa kujiandikisha mtandaoni tu, bila kibao chochote kwenye uzio. Yaani unaweza kusimama mbele ya uzio msafi na bado ukawa mvamizi. Kwa hiyo apu ya ramani nimelipia na nimeshusha ramani zote kwenye simu kabisa sababu kule mtandao ni wa kubahatisha. Kuna pia mashamba binafsi ambayo jimbo linawalipa wenyewe wafungulie wawindaji, utayajua kwa kibao cha pembetatu ya njano iliyogeuzwa kichwa chini, ila angalieni mtego: wiki ya kwanza ya msimu wa wale ndege fezanti, mwezi wa kumi, mgeni haruhusiwi kuwinda humo. Mi nitakuwa nimeshaondoka lakini kuna jamaa alitaka twende Oktoba, ingetukuta.

Mji wa kufikia unaitwa Medora, mdogo sana, umeanzishwa 1883. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, kijana mmoja wa New York mwenye miwani alifika pale kuwinda nyati wa Marekani, akaipenda nchi akaanza ufugaji. Huyo ndo Theodore Roosevelt. Akaja kuwa rais, na Aprili 1909, wiki chache tu katoka ikulu, akashuka melini Mombasa kwenda kuwinda bara. Yeye kaanzia Medora kaja kwetu, mi natoka kwetu naenda Medora, ngoma droo. Mbuga ya taifa yenye jina lake iko hapohapo na ndani yake kuwinda ni marufuku, na ukiangalia ramani mpaka wa mbuga na nyasi za serikali ni mstari tu, hapo ndipo nitakuwa natazama simu kila dakika tano.

Tarehe tulibishana sana mimi na mzee wangu wa boila. Msimu wa upinde unafunguliwa Ijumaa iliyo karibu na Septemba 1, saa sita mchana kamili, sijui nani alichagua mchana lakini sisi watu wa saa ya Kiswahili tumeipenda. Mzee anasema nenda Novemba katikati, madume yanafuata majike yamepoteza akili, hata mjinga anapiga. Kweli. Ila Novemba kule baridi ni ya kuua, na mi nina hoja yangu: mwanzoni mwa Septemba madume bado yanatembea kwa vikundi, ratiba yao haibadiliki sana, wanakula alfajiri, jua likipanda wanaenda kulala kivulini, na mnyama aliyelala ndiye mnyama unayeweza kumnyatia. Wikiendi ya ufunguzi nimewaachia wenye haraka. Naenda Septemba 12 mpaka 19.

Nilivyoelewa mimi, siku inakwenda hivi. Kabla ya mwanga uko juu ya kilima umekaa nyuma ya darubini, hutembei, unatazama tu. Hapa ndo wengi tunakosea, unatamani kutembea ujione unawinda, kumbe miguu ndo inakufukuzia wanyama. Unamfuata Masikio kwa macho mpaka alale, mara nyingi chini ya mreteni au kwenye ukingo wa korongo unaotazama kaskazini. Halafu unasubiri tena, sababu kile cha kwanza si kitanda cha mwisho, kivuli kikihama na yeye anahama, anasimama anajinyoosha anageuka analala upya. Akishatulia mara ya pili ndo unapiga picha ya mahali pale kwa simu, unachagua alama, jiwe jekundu, mti uliokauka, maana ukizunguka upande wa pili kila kitu kitakuwa na sura nyingine na wewe utakuwa mgeni kwenye korongo ulilolitazama saa tatu nzima.

Upepo sasa. Asubuhi hewa baridi inashuka bondeni, jua likipasha ardhi hewa inapanda, kwa hiyo mchana ukimjia kutokea juu harufu yako inapanda nyuma yako na siyo kwake. Ukimjia saa mbili asubuhi kutokea juu umempelekea barua. Nimenunua kichupa cha poda ya kupuliza kuona hewa inaelekea wapi lakini nakumbuka baba alikuwa anaokota vumbi analiachia vidoleni, kazi ileile.

Yadi mia za mwisho unavua viatu. Sitanii, wanavua, wanamalizia na soksi nene za sufu, sababu buti inaponda jani kavu na yale masikio si ya urembo. Tatizo ni kwamba ardhi imejaa dungusi kakati wadogo wamejificha kwenye nyasi, na nyoka yule wa kutikisa mkia yupo pia, kwa hiyo nimenunua soksi mbili za kuvaa moja juu ya nyingine na kibano cha kutolea miiba. Mke wangu ameangalia kile kibano, akaangalia soksi, akaniuliza hii ni likizo au adhabu.

Mang'ola si mbali na kwetu, Wahadzabe nilikuwa nawaona tangu mdogo, wanakuja na asali, upinde mkononi mrefu karibu sawa na mwenyewe, na mi kwa ujinga wa utoto sikuwahi kuuliza hata swali moja. Nikikumbuka walivyotembea, mguu unatua kama unaomba ruhusa, najuta. Wao kwa mnyama mkubwa chembe ya mshale inapakwa sumu, wanaichemsha kutoka kwenye miti, mmoja ni ile desert rose ambayo watu wa mjini wanapanda kwenye vyungu getini. Dakota sumu marufuku. Chembe yangu ni wembe tu, inaua kwa kukata na kutoa damu, ikipita mapafu yote mawili mnyama haendi mbali, ikipita tumboni umemtesa na labda humpati kabisa. Kwa hiyo yadi 35 si woga. Mazoezini napiga mpaka yadi 60 na mishale inakaa pamoja, lakini mazoezini hakuna upepo wa pembeni na moyo haudundi masikioni.

Mazoezi nimebadilisha kabisa. Zamani nasimama wima kwenye zulia la kijani kama napigwa picha ya pasipoti. Sasa nimepiga magoti, nimekaa, nimejipinda pembeni, nimebeba begi, na napiga kutokea juu ya ukingo sababu ukipiga kuelekea chini mshale unafuata umbali wa mlalo, siyo ule mrefu wa jicho, usipojua unapiga juu ya mgongo. Upinde wangu ni wa gurudumu, ule wa kisasa wanaouita compound, uzito wa kuuvuta ratili 60. Mwanzo wa mwaka kuna duka waliniuzia mishale laini kuliko upinde, nikahangaika miezi miwili najilaumu mkono, mpaka mzee akaushika mmoja akaupinda kidogo akacheka. Nimenunua upya. Podo nayo nimefunga kitambaa ndani isigongegonge.

Nikifanikiwa, kazi ndo inaanza. Septemba kule mchana unaweza kufika nyuzi 30, nyama haikusubiri. Na kuna ugonjwa, CWD, unakula ubongo wa kulungu, ulionekana kwanza Colorado 1967, hausababishwi na virusi wala bakteria ni protini iliyojikunja vibaya, kwa hiyo Minnesota hawaruhusu kuingiza mzoga mzima kutoka nje. Ubongo na uti wa mgongo vinabaki, unavuka na nyama iliyotolewa mifupa na fuvu lililosafishwa. Maana yake bucha ni mimi, palepale kilimani, kisu na mifuko ya kitambaa, halafu mgongoni mpaka kwenye gari lenye madeli ya barafu. Sampuli nitapeleka ipimwe kabla hatujachoma.

Naenda na rafiki yangu mtu wa Mombasa, hawindi ila ameshachagua mapande yake. Swali lake lilikuwa moja, kama itakuwa halali, akampigia shehe wake, jibu likawa aliyeachia mshale awe anastahiki na ataje jina la Mungu anapouachia, ndipo tukakumbuka mpigaji ni Mlutheri. Bado wanajadiliana huko. Akinigomea nyama nitakula mwenyewe, yeye atakula maharage.

Njia haina maajabu, barabara kuu I-94 kutoka hapa mpaka Medora, karibu maili 570, ukipita mji wa Bismarck saa inarudi nyuma saa moja na hiyo andikeni mahali sababu sheria ya kupiga inaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, ukichanganya saa ya Minnesota na ya Medora umevunja sheria umekaa kwenye kiti chako unakunywa kahawa. Ninachoogopa ni mvua. Udongo wa kule ukilowa unakuwa sabuni na gundi kwa pamoja, gari la magurudumu manne halisaidii, unakaa ulipo mpaka pakauke, kwa hiyo maji na chakula nabeba vya siku tatu zaidi.

Kilichobaki ni zamu mbili za usiku, tarehe 17 na 18. Msimamizi amesema nitafute mtu mwenyewe. Kuna dada Mkenya amekubali moja, kwa sharti la paja.