Mganga hajigangi, ila mimi nilitaka aliyejiganga

Kwa muda mrefu nilikuwa na swali moja tu la kumpima kaunsela, na wala sikuona aibu kuliuliza: wewe umewahi kupitia haya ninayopitia mimi? Kama hapana basi asante, kwaheri. Si tuliambiwa kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake, sasa mtu ambaye hajafiwa atanielewaje mimi niliyemzika kaka yangu, atanisomea kitabuni? Ndivyo nilivyokuwa nawaza, na kusema kweli bado kuna siku nawaza hivyo hivyo.

Kaunsela wangu wa kwanza nilimpata kwa kipimo hicho. Alikuwa amefiwa na mdogo wake, alinambia mwenyewe siku ya kwanza kabla hata sijakaa vizuri, nikasema moyoni hapa ndo penyewe. Sesheni ya pili tukarudi kwa mdogo wake. Ya tatu pia. Nikigusa habari za kaka yangu ananidaka hapo hapo, aah hilo nalijua kabisa, hata mimi bwana, halafu safari inahamia kwake, mpaka sesheni ya nne nikajikuta mimi ndo nasema pole, pole sana jamani, na yeye anafuta machozi. Yaani nimelipa mimi na pole nimetoa mimi. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyoenda. Simchukii, alikuwa mtu mwema kabisa, ila aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi pale nilikuwa ung'ongo wake.

Nikaacha kwenda miezi kadhaa. Na mimi nikishakwama kitu nina ugonjwa wa kukisoma, basi nikaanza kufukua maisha ya hawa watu walioanzisha hizi njia za kutibu kwa mazungumzo, nikitaka kujua walitokea wapi na walikuwa na majeraha gani, na kama jeraha lenyewe lilisaidia au liliharibu.

Kichekesho cha kwanza ni Freud, yule daktari anayehesabiwa baba wa tiba hizi za mazungumzo. Ile kochi maarufu ambayo mgonjwa analala na daktari anakaa nyuma yake haonekani, alipewa zawadi na mgonjwa wake mmoja, na yeye mwenyewe aliandika kwamba sababu mojawapo ya kukaa nyuma ni kuwa hakuweza kuvumilia kukodolewa macho saa nane au zaidi kila siku! Basi dunia nzima ikaiga. Zipo sababu nyingine za kitaalamu alizozitoa, sawa, ila mi nilicheka sana kujua kwamba nusu ya jambo ni mtu tu hapendi kuangaliwa.

Albert Ellis naye alikuwa muoga wa wanawake. Alipokuwa na miaka 19 akajipa kazi ya mwezi mzima, anaenda bustani ya mimea ya Bronx kule New York, akiona mwanamke kakaa peke yake kwenye benchi anakaa naye na kuanza kuongea, apende asipende. Aliongea na wanawake kama mia hivi. Akapata miadi moja tu, na huyo mmoja hakutokea. Lakini uoga ukaisha, maana aligundua kukataliwa hakuui, na miaka ya 1950 alipokuja kuanzisha tiba yake mwenyewe, ile ya kubishana na mawazo ya mtu yasiyo na mantiki na kumpa kazi za nyumbani za kufanya kile anachokiogopa, ukiitazama vizuri unaiona bustani ile ile.

Sasa aliyenikalisha chini ni Marsha Linehan. Huyu mama mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili, akakaa humo zaidi ya miaka miwili, alikuwa akijiumiza mwenyewe na kwa muda mrefu alifungiwa peke yake, na dawa na kila walichokuwa nacho enzi hizo hakikumfaa. Akatoka, akasoma saikolojia mpaka mwisho, akaamua atafanya kazi na wale wale ambao wenzake wanawakimbia, watu wanaotaka kufa kila wiki. Njia yake wanaiita kwa kifupi DBT, na kiini chake ni vitu viwili vinavyoonekana kugombana: nakukubali ulivyo leo, na hapo hapo lazima ubadilike. Mwanzoni alijaribu kusukuma mabadiliko tu, wagonjwa wakaona wanalaumiwa. Akageukia kuwakubali tu, wakaona hajali kama wataendelea kuteseka. Ndipo akavifunga pamoja, akaongeza mafunzo ya ujuzi, namna ya kumeza wimbi la hisia bila kuvunja kitu, namna ya kuomba unachotaka bila kugombana.

Ila kilichonikamata mimi ni hiki. Hakusema. Miongo yote hiyo watu wengi hawakujua historia yake. Aliipeleka njia yake kwenye majaribio ya kitafiti, jaribio la kwanza kubwa likachapishwa 1991, ikasimama kwa miguu yake bila stori ya mwenyewe kuibeba. Kuna mgonjwa aliona makovu mikononi mwake akataka kujua, je na wewe ni mwenzetu? Hatimaye 2011 akajitokeza hadharani, na akasemea kwenye hospitali ile ile aliyolazwa akiwa binti. Hapo nikamkumbuka kaunsela wangu wa kwanza. Wote wawili waliumia, lakini mmoja jeraha aliligeuza kuwa zana ya kumtumikia mgonjwa, mwingine aliniletea mezani likiwa bado linavuja nimsaidie kulifunga.

Halafu kuna wale ambao hawana jeraha kubwa la kusimulia kabisa. Carl Rogers alikulia shambani, chuo alianza na kilimo, baadaye akaenda kusomea dini karibu awe mchungaji, akaacha akahamia saikolojia. Ukimuuliza kwa kipimo changu cha zamani angefeli. Miaka yake ya mwanzo alifanya kazi na watoto wasumbufu, na kuna mama mmoja aliyekuwa analeta mtoto wake, Rogers anamuelekeza kwa upole kwamba tatizo la mtoto linatokana na yeye mama kumkataa, mama haoni, wiki zinaenda, mwisho wakakubaliana wameshindwa waachane. Yule mama kafika mlangoni akageuka akauliza, hivi hapa mnawahudumia watu wazima pia? Alipoambiwa ndiyo akarudi kitini akamwaga habari za ndoa yake na kukata tamaa kwake, vitu ambavyo hata harufu yake haikuwemo kwenye yale maelezo safi ya mwanzo. Rogers anasema hapo ndipo ilipomwingia kwamba mwenye maumivu ndiye anayejua panapouma na njia ya kwenda, kazi ya kaunsela ni kutulia na kumfuata. Yote aliyokuja kufundisha baadaye, kumpokea mtu bila masharti, kumsikiliza kutoka ndani ya viatu vyake, kutokuwa muigizaji mbele yake, mi nayaona pale mlangoni. Huyo hakulalia kitanda cha mtu. Alikubali kuambiwa kunguni wako upande gani.

Aaron Beck naye, daktari wa magonjwa ya akili, njia yake aliipata kwenye utafiti, alitaka kuthibitisha nadharia ya Freud kuwa sonona ni hasira iliyogeukia ndani, akachunguza ndoto za wagonjwa, akakuta siyo hasira bali kushindwa na kupoteza, akafuata ushahidi, ndo tukapata ile tiba ya fikra ambayo leo iko kila mahali.

Na wale bibi wa Zimbabwe! Hawana digrii. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14, akawafundisha tiba fupi ya kutatua matatizo, wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, na neno lao ni kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 yakatoka matokeo ya jaribio kwenye jarida kubwa la kitabibu na waliokaa na bibi walipona zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sasa mtu akinambia kila kitu ni vyeti namuonesha bibi, na akinambia vyeti havina maana namkumbusha kwamba hata bibi walifundishwa na wanasimamiwa, hawakuokotwa wakaambiwa haya ongeeni.

Hili la kusimamiwa wateja wengi hatulijui. Kaunsela mwenye adabu ya kazi ana mkubwa au mwenzake anayempelekea kesi zake, anaambiwa hapa ulikuwa unamtibu mteja au ulikuwa unajitibu wewe? Shule ya Freud tangu miaka ya 1920 ilishaweka sharti kwamba anayejifunza lazima naye alale kochini kwanza. Mganga hajigangi, basi apelekwe kwa mganga mwenzie. Siku hizi hili ndo swali ninalowaambia marafiki zangu waulize, una mtu anayekusimamia? Akichukia swali, ondoka.

Niliporudi kwenye vikao nilienda kwa mama mmoja wa makamo, mkimya, chumba chake hakina hata picha ya familia nikapata pa kupeleleza. Nilikuwa nimeshasoma yote hayo lakini mazoea yana tabu, dakika ya kumi tu nikamuuliza, samahani mama, wewe umewahi kufiwa na ndugu? Akanyamaza kidogo. Akasema, naweza kukujibu, ni swali la haki kabisa, ila kabla sijakujibu niambie, nikisema ndiyo utaniambia nini, na nikisema hapana ni kitu gani utakificha?

Nilikasirika. Nikamwambia ukisema hapana sitakwambia kwamba siku kaka anakufa alinipigia simu mara mbili nikaiacha iite kwa sababu tulikuwa tumenuniana, maana mtu asiyefiwa ataniambia si kosa lako, na mi sitaki kuambiwa si kosa langu.

Akasema sawa, sitakwambia hivyo, nisimulie kuhusu kule kununiana.

Imepita miezi 14, sijarudia kuuliza, na hadi leo sijui kama huyu mama amewahi kumzika mtu.