Mwaka wa kiporo: nilivyozimaliza filamu za Disney za 2019

Ubishi wenyewe ulianzia kwenye sahani. Ilikuwa Jumapili moja ya Februari 2019, hapa Columbus, Ohio. Theluji imeziba mlango wa nyuma na mdogo wangu wa kike kapasha wali wa jana na maharage ya nazi. Mwanawe, wakati huo ana miaka saba, alikuwa anarudia kwenye simu tangazo la The Lion King mpya. Mama yake akatupa jicho, akasema, "Hawa Disney siku hizi ni kiporo tu. Wanatoa ya zamani kwenye friji, wanapasha, wanatuuzia."

Nikambishia. Hoja sikuwa nayo, nilikuwa tu sitaki kushindwa mezani na mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Haya kaka, mwaka huu wanatoa ngapi?"

Sikujua.

"Basi nenda kazitazame zote, halafu urudi tuongee."

Ndivyo nilivyojikuta na daftari la shule lenye safu nne: tarehe, jina, nani kaitengeneza, na ya mwisho nikaiandika kwa herufi kubwa, KIPORO AU KIPYA.

Kazi ya kwanza haikuwa kutazama, ilikuwa kujua Disney ni nani. Wengi tunadhani ni yule panya na lile jumba la kifalme. Kumbe studio ya Pixar ni yao tangu 2006, ya Marvel tangu 2009, na Lucasfilm yenye Star Wars tangu 2012. Na nikiwa bado nachora mistari ya daftari, tarehe 20 Machi 2019 wakakamilisha kuinunua sehemu kubwa ya kampuni ya Fox kwa dola bilioni 71.3. Nikaweka sheria: kuanzia siku hiyo, filamu za Fox nazo zinahesabiwa. Nilijuta baadaye, maana Fox walikuwa na vifilamu vya kila aina vilivyokuwa tayari njiani.

Upande wa televisheni nilinyoosha mikono mapema. Chaneli yao ya ABC peke yake inajaza wiki nzima, hapo hujagusa FX, National Geographic wala Disney Channel. Kwa mtu anayefanya zamu ya usiku ghalani, hilo si lengo, ni ugonjwa. Nikachagua vipindi vichache tu, nitavifikia.

Halafu kukawa na kesi ya Spider-Man. Filamu ya mwaka ule, Far From Home, ilitengenezwa na Marvel Studios lakini mwenye mali na msambazaji ni Sony. Nikasema haihesabiwi. Mpwa wangu akaniangalia kama mtu aliyenikuta naiba. "Mjomba, Spider-Man alikuwa na Iron Man. Iron Man ni wa Disney. Kwa hiyo?" Nilimweleza habari ya haki za filamu mpaka nikajichanganya mwenyewe. Kesi ikaahirishwa.

Fedha haikuwa tatizo kubwa. Nilichukua kadi ya mwezi ya sinema za AMC, wakati huo kama dola 20, uliruhusiwa mpaka filamu tatu kwa wiki. Tatizo lilikuwa usingizi. Natoka kazini saa 12 asubuhi, sinema inafunguliwa saa nne au saa tano. Nikilala kwanza siamki, nisipolala nasinzia kitini. Niliyoigundua kwa kuumia ni hii: kula kitu kidogo, nawa uso kwa maji ya baridi, chagua kiti cha pembeni karibu na njia, na usiguse bisi. Bisi zile zenye siagi zinalaza kama dawa.

Siku ya Avengers: Endgame niligusa bisi. Filamu ina dakika 181, na wiki ile ya mwisho wa Aprili maonyesho yalijaa hata asubuhi, ikakusanya zaidi ya dola bilioni moja duniani kwa wikiendi ya kwanza tu. Nikapata kiti katikati ya watu, nikala bisi, na baada ya saa moja hivi nikaondoka duniani. Nilipofumbua macho, Captain America alikuwa anapigana na Captain America. Nguo karibu zile zile, ngao ile ile. Nilidhani bado naota, nikafumba tena macho niamke vizuri. Jirani yangu, kijana wa umri wa chuo, aliona nilivyoshtuka akacheka mpaka akamwaga soda. Ilinibidi nirudi wiki iliyofuata kutazama nilipolala, na daftarini Endgame ina tarehe mbili. Lakini niseme kweli, mara ya pili, nikiwa macho, mwisho wake ulinibana kifua. Ni muendelezo wa miendelezo, na bado umepikwa kwa moto wa kutosha.

The Lion King ndiyo iliyonipa tabu. Ilitoka Julai 19. Tulikwenda familia nzima, na mimi nilikwenda kama mwenye nyumba anayewakaribisha wageni. Nilikua Tanga na kanda ya video ya ile ya 1994, tuliitazama mpaka picha ikaanza kukwaruza. Taa zikazimika, jua likachomoza, ule wito wa mwanzo ukapigwa, na mpwa wangu akaniinamia sikioni: "Mjomba, anasema nini?" Nikamwambia ni Kizulu. Akanyamaza kidogo. "Kwani si kwenu huku?"

Baadaye nilisoma kwamba picha ile ya jua ndiyo pekee iliyopigwa kwa kamera mahali halisi. Jon Favreau, mwongozaji, alisema mwenyewe. Yaliyobaki yote, kila nyasi, kila unywele wa simba, yametengenezwa kwenye kompyuta, baada ya watu wake kwenda Kenya kupiga picha za wanyama na mandhari ili waige. Na wameiga, mpaka unaona vumbi limekaa kwenye manyoya. Ila simba wa kweli halii wala hatabasamu, na hawa wamefanywa wa kweli mno. Mufasa anakufa, mtoto anamlilia, uso wa mtoto umetulia kama paka anayesubiri samaki. Sauti ya James Earl Jones, aliyerudi peke yake kutoka ile ya kwanza, ilibeba mzigo mzito kuliko picha.

Halafu majina. Mtu asiyejua Kiswahili anasikia muziki tu; sisi tunasikia mengine. Simba anaitwa Simba, sawa na kumwita mwanao Mtu. Rafiki ni Rafiki. Pumbaa, kapumbaa kweli. Yule fisi ni Shenzi, jina ambalo kwetu ukilitamka mbele ya mama, mdomo unaufuta kwa kanga. Safari hii sauti ya Shenzi ilikuwa ya Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani, na aliliunguruma jina lile kama mtu anayelijua. Wenzake wawili walibadilishiwa majina: mmoja Kamari, mwingine Azizi. Fisi anaitwa Azizi! Nilicheka peke yangu kwenye ukumbi wenye watu mia mbili. Dada akanikanyaga mguu, kisha naye akaelewa, akajifunika mtandio. Na ulipoanza wimbo wa Beyoncé, ule unaofunguka kwa maneno ya Kiswahili ya kumtakia mfalme umri mrefu, mpwa wangu aligeuka kunitazama. Hilo halikuhitaji tafsiri.

Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Daftarini niliandika: kiporo, kimepashwa vizuri, chumvi imesahaulika.

Kumbe chumvi ilikuwa kwenye chombo kidogo pembeni. Katika vile vipindi vya televisheni nilivyochagua kulikuwa na The Lion Guard, katuni ya watoto wadogo kuhusu Kion, mtoto wa pili wa Simba. Ilikuwa inamaliza msimu wake wa mwisho, ikafika kikomo Novemba mwaka ule bila mtu mzima yeyote kujua. Niliitazama na mpwa wangu Jumamosi asubuhi, mwanzoni kwa heshima tu. Kisha nikasikia nyoka anaitwa Ushari. Nikasimamisha picha. Ushari! Neno ambalo hata mimi sikuwa nimelisikia tangu bibi mmoja jirani alipokuwa akitusema tulipogombana uwanjani: "Acheni ushari wenu huo." Na limevalishwa swila, mtu wa kuchokoza, mahali pake hasa. Fisi mkorofi ni Janja, fisi mwema ni Jasiri, chui ni Makucha. Nyegere, kiboko, duma na yangeyange wanakimbia huku wakipiga kelele "Huwezi!" na "Twende kiboko!" Aliyewapa majina hawa alifungua kamusi, tena akaisoma. Ile filamu ya mabilioni haikujisumbua hivyo.

Mpwa wangu, ambaye miaka yote mama yake alimwimbia Kiswahili naye akajibu kwa Kiingereza, akaanza kuyaokota. Akikimbizwa bafuni kuoga: "Huwezi!" Akipewa mboga za majani: "Hapana!" kwa sauti ya yule yangeyange. Siku moja tukampigia bibi yake Tanga, kwa video.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Hevi kabisa!"

Ndivyo anavyosema Kion jambo likimzidia. Bibi akanyamaza, akasogeza simu karibu na sikio badala ya uso, tukabaki tunatazama hereni yake. "Mtoto kabeba nini?" akauliza. "Mtueni basi."

Nyingine nazipita mbio. Dumbo niliitazama katika ukumbi mtupu, ikanisikitisha kwa upweke wangu kuliko wa yule tembo. Aladdin ni kelele nzuri. Maleficent ya Oktoba ni muendelezo wa filamu ya 2014, nayo ile ilikuwa imesimulia upya katuni ya 1959. Hiyo daftarini nimeiandika kiporo cha kiporo. Frozen II niliitazama mara mbili, si kwa hiari. Toy Story 4 ndiyo iliyoniweka mahali pabaya kwenye ubishi, kwa sababu ni ya nne, ni kiporo kwa kila kipimo, na niliipenda kuliko zote. Kuna kidoli kilichotengenezwa kwa kijiko cha plastiki chenye meno ya uma ambacho kinaamini chenyewe ni takataka na kila mara kinakimbilia pipani. Mpwa wangu alitengeneza cha kwake kwa kijiko cha kutupwa na vijiti vya aiskrimu. Kiko jikoni kwao mpaka leo, na mama yake amekatazwa kukiosha.

Na hao Fox niliojitakia mwenyewe? Dark Phoenix tulikuwa watu wanne ukumbini, mmoja akatoka mapema. Kampuni yenyewe ilikuja kutangaza kwamba studio ile ya Fox ilipata hasara ya kama dola milioni 170 katika robo mwaka ile. Ila ndani ya mzigo huo huo ndimo nilimopata Ready or Not, bibi harusi anayewindwa na wakwe usiku wa harusi, kitu kisichokuwa muendelezo wa chochote, na Jojo Rabbit, na ile ya magari ya Ford na Ferrari ambayo baba mmoja mbele yangu aliitazama akikanyaga pedali hewani. A Hidden Life tu ndiyo haikufika mjini kwetu kabla ya mwaka kwisha.

Novemba 12 ikaja Disney+, huduma yao ya kutazama mtandaoni, wakati huo dola 6.99 kwa mwezi, na watu milioni 10 wakajiandikisha kufikia kesho yake. Huko nilifuata The Mandalorian, tamthilia ya Star Wars, vipande vinane, cha mwisho Desemba 27. Kaka yetu mkubwa yuko Tanga, huduma hiyo kwao haikuwepo, na alikuwa ameona picha za yule mtoto wa kijani mwenye masikio kila mahali. Akataka asimuliwe. Basi kila wiki, nikiwa kwenye mapumziko ya saa nane usiku ghalani, namrekodia ujumbe wa sauti: dakika kumi, kumi na tano, na milio ya bastola natoa kwa mdomo. Wenzangu Wakongo wawili, wanaoongea Kiswahili cha Lubumbashi, wakazoea kukaa karibu na masanduku wakisikiliza. Mmoja akawa ananisahihisha, maana yeye alikuwa ameshakitazama nyumbani.

Mkesha wa mwaka mpya nilimpelekea dada daftari. Tukahesabu zile kubwa tisa za Disney wenyewe: tatu ni za zamani zilizorudiwa, tano ni miendelezo, inabaki Captain Marvel, ambaye naye ametoka kwenye vitabu vya katuni. Saba kati ya tisa hizo ziliishia kupita dola bilioni moja, ya mwisho ikiwa Star Wars iliyovuka Januari. Mapato yao ya sinema kwa mwaka, zaidi ya dola bilioni 11, studio nyingine haijawahi kuyafikisha kabla yao.

"Kwa hiyo?" akasema.

"Kiporo," nikakubali. "Lakini wewe mwenyewe kila Jumapili unatulisha nini?"

Akanipiga na kitambaa cha vyombo. Mwanawe alikuwa amelichukua daftari, kajilaza nalo sakafuni. Niliporudishiwa nikakuta orodha yangu ya filamu 21 imeongezwa mstari kwa kalamu ya zambarau, namba 22, herufi zimeinama kila moja upande wake: SPAIDAMAN. Safu ya mwisho kaandika KIPYA. Sikuifuta.